Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Euphrase Kezilahabi: Majibu kwa Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi, walimu wenzangu na wasomaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe ninaokutana nao kwenye vikundi vya kusoma riwaya za Kiswahili. Kezilahabi ndiye anayeulizwa kuliko mwandishi mwingine yeyote, na mara nyingi wanaouliza wamesoma kijitabu cha uchambuzi kabla ya kufungua riwaya yenyewe. Nimejibu kama ninavyojibu ana kwa ana.

Kezilahabi ni nani hasa?

Ni mwandishi wa riwaya, mshairi na mwanazuoni wa Kitanzania. Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. Alisoma seminari ya Kikatoliki ya Nyegezi, Mwanza, kisha mwaka 1967 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1970. Alifundisha sekondari kwa muda mfupi, akarudi chuoni kusoma na kufundisha. Shahada yake ya pili aliandikia riwaya za Shaaban Robert. Ya udaktari aliipata mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, nchini Marekani, na tasnifu yake ilihusu falsafa ya Kiafrika na namna ya kuifasiri fasihi. Katika miaka ya 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana, akafundisha huko kwa muda mrefu. Alifariki dunia tarehe 9 Januari 2020 akiwa na umri wa miaka 75.

Vijana huwa wanashtuka nikiwaambia kwamba Rosa Mistika ilipotoka, mwandishi wake alikuwa na miaka 27 tu.

Ameandika vitabu gani?

Riwaya ni sita: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), Nagona (1990) na Mzingile (1991). Diwani za mashairi ni tatu: Kichomi (1974), Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008). Ana tamthilia moja, Kaptula la Marx, aliyoiandika mwishoni mwa miaka ya 1970 lakini ikachapwa mwaka 1999. Kuna hadithi fupi na makala za kitaaluma pia, ila msomaji wa kawaida akimaliza hivyo kumi amemjua.

Nianze na kipi?

Rosa Mistika. Watu wanaopenda kuonekana wasomi watakwambia uanze na Nagona. Usiwasikilize. Nagona inataka msomaji aliyekwisha kuizoea sauti ya Kezilahabi, na sauti hiyo utaipata vizuri kwenye riwaya nne za kwanza. Ana sentensi fupi na Kiswahili cha bara kisichojipamba, na anapenda kuingia moja kwa moja kwenye tukio bila salamu ndefu. Ukitoka kwa Rosa nenda Kichwamaji, halafu Dunia Uwanja wa Fujo, halafu Gamba la Nyoka. Ukifika hapo, nenda utakako.

Kwa msomaji wa Iringa au Njombe aliye na wazee waliohamishiwa vijiji vya ujamaa, ninaweza kuubadilisha mpangilio huo na kumpa Gamba la Nyoka kwanza. Sababu inafuata hapo chini.

Kezilahabi ana uhusiano gani na huku kwetu? Si mtu wa Ukerewe?

Ni mtu wa Ukerewe, na riwaya zake zimejaa ziwa, mitumbwi, mihogo na vijiji vya kwao. Hakuna sababu ya kumgeuza Mhehe au Mnyakyusa. Lakini jambo kubwa lililomshughulisha katika miaka ya 1970, yaani nini kilitokea kijijini pale sera ya ujamaa ilipobisha hodi, lilikuwa na sura kali sana huku kwetu kuliko sehemu nyingi za nchi.

Kumbuka mtiririko wenyewe. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa maandiko yake kuhusu ujamaa vijijini. Mwanzoni watu walitakiwa kujiunga kwa hiari. Songea kulikuwa na mfano uliotangulia hata Azimio: wanavijiji wa Litowa na wenzao wa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma walikuwa wakilima pamoja na kujiamulia mambo yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1969 TANU ikakivunja chama hicho. Mwaka 1973 Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu nchi nzima.

Katikati ya hapo lipo tukio la Ismani. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi kwenye shamba lake huko Ismani. Mwamwindi aliupakia mwili kwenye gari la mkuu wa mkoa mwenyewe, akauendesha hadi kituo cha polisi mjini Iringa na kujisalimisha. Alishtakiwa, akahukumiwa kunyongwa. Jina la Klerruu limebaki kwenye chuo cha ualimu pale Iringa, na jina la Mwamwindi limebaki midomoni mwa wazee wa Ismani, kila mmoja na namna yake ya kulisimulia.

Sasa chukua Dunia Uwanja wa Fujo, iliyotoka mwaka 1975. Tumaini anaanza kama kijana mwenye urithi anayetapanya mali kwa starehe. Baadaye anatulia, anakuwa mkulima tajiri. Sera mpya inafika, mali yake inatakiwa iwe ya wote, naye anamuua kiongozi wa serikali. Anahukumiwa kifo. Msomaji wa Iringa akifika kwenye kurasa hizo hahitaji mwalimu wa kumwelekeza. Nimewaona wazee wakifunga kitabu, wakakaa kimya, kisha wakaanza kutaja majina ya mashamba.

Kwa hiyo Dunia Uwanja wa Fujo ni habari ya Mwamwindi?

Hapana, na tafadhali usiandike hivyo kwenye mtihani. Riwaya ni ya kubuni, Tumaini ana maisha yake tangu utotoni, na mandhari yake si Ismani. Wachambuzi wengi wameona mwangwi wa tukio lile, na ni haki yao, kwa sababu kitabu kilitoka miaka minne tu baada ya mauaji na hakukuwa na Mtanzania aliyekuwa hajasikia habari ile. Ila ukisema Tumaini ni Mwamwindi unapoteza kitu muhimu. Kezilahabi hamfanyi Tumaini kuwa shujaa wala hamfanyi kuwa shetani. Tunamchukia anapoponda mali, tunaanza kumwelewa anapofanya kazi, na anapoua tunabaki hatujui tusimame upande gani. Hapo ndipo riwaya inapofanya kazi ambayo gazeti la Januari 1972 lisingeweza kuifanya.

Na Gamba la Nyoka?

Hii ndiyo riwaya ninayotamani kila kaya ya Nyanda za Juu Kusini iwe nayo. Inahusu kuanzishwa kwa vijiji vya ujamaa huko Ukerewe, kwenye vijiji vya Kisole na Bucho. Kuna wasomi wawili wa chuo kikuu, Mambosasa na Mamboleo, wanaoujua ujamaa kwa vitabu. Kuna wanakijiji wanaoambiwa wahame. Kuna Padre Madevu na kanisa lake. Kuna viongozi wa chama waliobadilika haraka mno, kwa nje.

Swali linaloulizwa kwenye vijitabu ni "riwaya inaunga mkono ujamaa au inaupinga?" Ni swali jembamba. Kezilahabi anauliza jambo lingine: ni nani aliyebadilika? Mtu aliyevaa vazi jipya la siasa lakini bado anamdharau mkulima, amebadilika? Kijana aliyejifunza maneno ya mapinduzi chuoni, akifika kijijini akataka kutumikiwa, amebadilika? Kwa kuwa swali ni hilo, riwaya haijazeeka hata kidogo ingawa vijiji vyenyewe vina miaka hamsini.

Ukitaka kuisoma vizuri ukiwa huku, fanya hivi. Muulize bibi au babu yako kijiji chenu kilikuwa wapi kabla ya 1974. Karibu kila mahali utaonyeshwa mahame: msingi wa nyumba uliofunikwa na nyasi, jiwe la kusagia lililovunjika, mfyulisi au mwembe mzee uliobaki peke yake katikati ya shamba la mahindi la mtu mwingine. Muulize paa liliezuliwa na nani, na walilala wapi usiku wa kwanza. Kisha rudi kwenye sura zinazohusu watu wa Bucho wanaokataa kuhama. Utaona mwandishi hakutia chumvi.

Wazee wengine watakwambia pia kwamba bila kuhamishiwa kijijini wasingepata shule, bomba wala zahanati. Wasikilize nao. Riwaya ina nafasi ya kauli zote mbili, na mjadala mzuri kabisa niliowahi kuusikia kuhusu kitabu hiki ulikuwa kati ya mama aliyepoteza ng'ombe kwenye uhamisho na mdogo wake aliyesema asingejua kusoma kama si kijiji.

Je, alikuwa mpinzani wa Nyerere?

Alikuwa mwandishi aliyekataa kufumba macho. Gamba la Nyoka na Dunia Uwanja wa Fujo zilichapwa hapahapa Afrika Mashariki wakati ujamaa ukiwa sera ya taifa, na ndani yake kuna ukosoaji mkali wa utekelezaji wake. Kaptula la Marx inakwenda mbali zaidi: Rais Kapera anajivika kaptula ya Marx, inampwaya, naye hataki kuambiwa. Si ajabu tamthilia hiyo ilisubiri miaka mingi kupata mchapaji. Hata hivyo usimchukulie kama mtetezi wa ubepari. Matajiri wake hawana raha, na anachokipigania tangu mwanzo hadi mwisho ni mtu wa kijijini asiyeulizwa.

Ni kweli Rosa Mistika ilipigwa marufuku?

Ilizuiwa kutumika mashuleni ilipotoka. Baadaye ikaruhusiwa na ikawa kitabu cha kiada Tanzania na hata Kenya. Kizazi cha wazazi wetu kiliisoma kwa kuificha chini ya godoro, cha kaka zetu kikaisoma kwa ajili ya mtihani.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Je, nimruhusu aisome? Nimesikia ni kitabu kichafu.

Mama, swali hili huja mara nyingi, na ninalijibu kwa kirefu kwa sababu nadhani ni swali zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Rosa ni mtoto wa Zakaria na Regina wa Namagondo. Zakaria ni mlevi, hatunzi nyumba, lakini ana ukali usio na kifani linapokuja suala la binti zake. Anapogundua kwamba Rosa ameandikiwa barua na kijana aitwaye Charles, anampiga kipigo ambacho msomaji hakisahau. Kumbuka kosa lenyewe: barua, tena ya kuandikiwa. Kutoka siku ile Rosa anajifunza jambo moja kuhusu wanaume, nalo ni hofu. Hakufundishwa kuchagua wala kukataa. Hakupata mtu mzima wa kumweleza mwili wake unakwenda wapi.

Anapelekwa shule ya bweni. Kwa muda anaishi kama mtawa. Kisha kizuizi kinapovunjika kinavunjika chote, na hakuna cha kumshika. Akifika chuo cha ualimu anakuwa na mahusiano mpaka na mkuu wa chuo, mtu aliyekabidhiwa kumlinda. Anatoa mimba. Baadaye anapompata kwa mara nyingine Charles, yule wa barua, na wanapotaka kuoana, Charles anamwacha kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua.

Uchafu uko wapi hapo? Ni kweli yapo maelezo ya mahusiano ya kimwili, na kwa mwaka 1971 yalishtua. Lakini hakuna ukurasa unaoyasifu. Kinachoanikwa ni uchafu wa watu wazima: baba anayepiga badala ya kuongea, mwalimu anayetumia cheo chake, mchumba aliyeishi atakavyo lakini anadai mke aliyefungiwa. Nasema haya nikiwa mtu niliyefundisha wasichana wanaotoka vijijini kuja kupanga vyumba mjini, wanaopika wenyewe kwenye jiko la mkaa wakiwa na miaka kumi na minne, wanaopewa lifti ya bodaboda kila siku na mtu asiyedai nauli. Rosa anawajua wasichana hao.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kidato cha pili bado ni mapema kuisoma peke yake. Isome wewe kwanza. Halafu msome pamoja, au usubiri afike kidato cha tatu umpe na uwe tayari kuulizwa maswali. Na kama baba yake yupo, mpe yeye kabla ya binti. Sijaona kitabu cha Kiswahili kinachomhusu baba kuliko hiki.

Kwa nini wahusika wake wanakufa vibaya? Rosa anajiua, Kazimoto anajiua, Tumaini ananyongwa. Je, mwandishi anahubiri kukata tamaa?

Kazimoto wa Kichwamaji ni kijana wa chuo kikuu anayesimulia habari zake mwenyewe. Rafiki yake wa utotoni, Manase, amepata cheo, na ndiye aliyemharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto anataka kulipiza kisasi, lakini anampenda na kumwoa Sabina, dada wa huyohuyo Manase. Elimu imemwondolea imani ya kijijini, haikumpa kitu kingine cha kushika. Hana Mungu wa mama yake wala hana jirani anayemwelewa. Mtoto anayezaliwa hana uzima, na Kazimoto anamaliza maisha yake.

Wachambuzi wanaiita falsafa hii udhanaishi, yaani fikra kwamba maisha hayana maana iliyowekwa tayari na kila mtu hujitafutia yake, na wanataja waandishi wa Kifaransa Albert Camus na Jean-Paul Sartre kama watu ambao Kezilahabi alikuwa amewasoma. Sawa. Lakini nadhani tunakimbilia Ufaransa mapema mno. Kijana aliyetoka kijijini, akasomeshwa kwa jasho la ukoo mzima, akarudi akakuta hawezi tena kuongea na baba yake, huyo hakutoka kwenye kitabu cha Kifaransa. Anapanda basi pale Nane Nane kila mwisho wa muhula.

Je, Kezilahabi anahubiri kukata tamaa? Sioni hivyo. Anaonyesha mtu anayefikiri peke yake mpaka mwisho, na ukisoma kwa makini utaona kila mahali ambapo mtu mwingine angeweza kumgusa bega na hakumgusa. Ninapofundisha riwaya hii huwa tunazitafuta sehemu hizo moja baada ya nyingine. Na ninasema wazi darasani: ukisoma Kichwamaji ukajiona ndani yake kupita kiasi, usikae na kitabu chumbani. Njoo uongee na mtu, mwalimu, mchungaji, shangazi, yeyote unayemwamini, tena siku hiyohiyo.

Nagona na Mzingile hazieleweki. Nifanyeje?

Zisome kwa sauti. Ni vitabu vyembamba, kila kimoja unaweza kukimaliza kwa jioni mbili, na vimeandikwa na mtu ambaye muda wote alikuwa pia mshairi. Ukitafuta nani kamuoa nani utachoka. Kwenye Nagona kuna msimulizi anayesafiri kuitafuta kweli, anakutana na mji ulio kimya, wazee, na wanafalsafa waliokufa zamani wakitajwa kama majirani. Kwenye Mzingile safari inaendelea katika dunia iliyoharibika. Ndoto, ngano na falsafa vinachanganyika.

Usiogope kutoelewa ukurasa. Endelea. Picha zitajipanga zenyewe kichwani baada ya siku kadhaa. Wasomaji wetu waliolelewa na hadithi za jioni, ambako mnyama anasema na mto unajibu, huwa wanaingia Nagona kwa urahisi kuliko wanafunzi wa chuo waliozoea kuuliza "ploti ni ipi".

Mashairi yake hayana vina wala mizani. Ni mashairi kweli?

Ni mashairi. Ugomvi huu ulikuwa mkubwa katika miaka ya 1970. Upande mmoja walisimama watetezi wa mapokeo waliosema kwamba pasipo vina na mizani hapana ushairi wa Kiswahili. Upande wa pili walikuwa Kezilahabi na Kichomi yake, Ebrahim Hussein, na vijana wawili, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, waliotoa diwani ya Malenga wa Bara. Kezilahabi alitaka ushairi ushuke kwenye lugha ya mazungumzo ya watu. Leo sekondari zetu zinafundisha yote mawili, na hakuna aliyekufa.

Ukitaka kujaribu, soma shairi la "Namagondo" katika Kichomi. Mtu yeyote aliyewahi kuondoka kijijini Rungwe au Ludewa kwenda kusoma mbali atajua linaongelea nini.

Ni kweli Ukerewe imetoa waandishi wengine wakubwa?

Ndiyo. Aniceti Kitereza aliandika riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe katika miaka ya 1940, na Kiswahili chake kikachapwa mwaka 1980, karibu na mwisho wa maisha yake. Gabriel Ruhumbika naye ni wa kisiwa hichohicho. Ninawatajia wanafunzi wangu jambo hili makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani mwandishi lazima atoke Zanzibar, Tanga au Dar es Salaam. Kisiwa kimoja cha wakulima na wavuvi, ambacho lugha yao ya nyumbani si Kiswahili, kimetoa watu hao watatu. Sisi tuna Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kisafwa, Kinyiha, Kikinga na nyingine nyingi, na tuna historia ya kujaza rafu nzima.

Vitabu vyake vimetafsiriwa?

Baadhi. Mashairi yake teule yalitolewa kwa Kiingereza mwaka 2015 na Annmarie Drury. Lakini wewe unayesoma ukurasa huu huhitaji tafsiri. Unamsoma kwa lugha aliyoichagua, naye aliichagua akiwa na uwezo kamili wa kuandika kwa Kiingereza.

Nitatumiaje riwaya zake kwenye mtihani?

Angalia kwanza kama kitabu kiko kwenye orodha ya vitabu teule vya ngazi yako, kwa maana orodha hubadilika. Kisha soma kitabu chote. Msahihishaji anatambua mara moja aliyekariri uchambuzi: anaanza na "msanii amefaulu kwa kiasi kikubwa kuibua dhamira mbalimbali", anaorodhesha ukombozi, mapenzi, rushwa na nafasi ya mwanamke, halafu mifano ni ileile ya mwanafunzi wa jirani. Wewe chagua tukio moja ulieleze kwa undani: nani alikuwepo, nani alinyamaza, nini kilibadilika baada yake. Kipigo cha Rosa peke yake kinaweza kubeba hoja ya malezi, ya nafasi ya mwanamke, ya unafiki na ya ujenzi wa mhusika. Tofautisha pia mwandishi na mhusika. Kazimoto akisema maisha hayana maana, aliyesema ni Kazimoto.

Nitavipata wapi nikiwa Mbeya au Iringa?

Anza na maktaba ya mkoa. Maktaba zetu za Mbeya na Iringa zina rafu ya fasihi ya Kiswahili, na kadi ya mwanafunzi si ghali. Wanafunzi wa Mkwawa wana maktaba ya chuo. Kwenye meza za vitabu vya mtumba Mwanjelwa na pale Miyomboni huwa vinaibuka, hasa matoleo ya zamani yaliyochoka jalada. Nunua ukikiona, kwa kuwa kesho hutakikuta.

Kama unataka nakala mpya, Kichwamaji na Dunia Uwanja wa Fujo zimechapwa upya Nairobi na kampuni ya Vide~Muwa, na Nagona na Mzingile ni za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Njia ya haraka ni kumwomba ndugu aliye Dar akununulie na kukitumia kwa basi la usiku. Gamba la Nyoka ndiyo ngumu kupatikana. Ukiwa na nakala nyumbani, tafadhali usiiuze kwa mpima karanga.

Kikundi chetu kina nakala moja tu. Tunaweza kupiga fotokopi kitabu kizima?

Hapana. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania inalinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo vitabu vya Kezilahabi vinalindwa mpaka mwisho wa mwaka 2070, na haki hiyo ni ya warithi wake. Nakala moja inatosha mkiipangia zamu: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, sura mbili kila mkikutana. Chagueni msomaji asiyekimbia. Gamba la Nyoka kwa mwendo huo huisha ndani ya msimu mmoja wa baridi, kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo shambani hakuna palizi na watu wanapenda kukaa karibu na moto.